Mabosi wa mafuta na michango ya siasa: London daftari liko wazi, kwetu je?

Na Mwandishi Wetu wa Masuala ya Kanda

MALABA. Dereva wa lori aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni ya mpakani alitoa risiti mbili kwenye mfuko wa shati. Moja ilikuwa ya dizeli aliyojaza upande wa Kenya, nyingine ya Tororo safari iliyopita. Akazilaza juu ya boneti kama mtu anayepanga karata.

"Dada, nyinyi watu wa gazeti, hii bei hupangwa na nani?"

Nikamjibu jibu la kitabuni. Kenya, mamlaka ya udhibiti wa nishati, EPRA, hutangaza bei kikomo tarehe 14 ya kila mwezi. Tanzania, EWURA hutangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi. Uganda hakuna bei kikomo, soko hujipangia.

"Hao wanatangaza," akasema. "Mimi nauliza anayepanga."

Lori lake likasogea hatua kumi, mazungumzo yakaishia hapo. Lakini swali lake halikuisha. Kwa mfanyabiashara anayevusha vitunguu, nguo, mbao au saruji, dizeli iko ndani ya kila kitu anachouza. Na bei ya dizeli haianzii kwenye pampu wala kwenye tangazo la mamlaka. Inaanzia mahali ambapo mtu mmoja anaamua nani apewe kandarasi ya kuleta mafuta. Mtu huyo kwa kawaida ni mwanasiasa, na mwanasiasa huendesha kampeni kwa fedha za watu.

Nani basi humpa fedha hizo? Nilipojaribu kufuata swali hili hapa kwetu nilikwama mapema. Nilipolifuata Uingereza na Marekani nilipata majina, tarehe na kiasi, bila kumbembeleza mtu. Nianze huko, kwa sababu mmoja wa watu waliomo kwenye daftari la London anatuhusu kuliko tunavyodhani.

Bosi wa Vitol na chama cha Cameron

Tanzania tumezoea kuita kituo chochote cha mafuta "sheli", hata kama nembo yake ni nyingine kabisa. Kenya na Uganda vituo vyenye nembo halisi ya Shell huendeshwa na kampuni ya Vivo Energy. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilichukua pia biashara ya Engen katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Tanzania na Rwanda. Vivo yenyewe, tangu mwaka 2022, iko mikononi mwa Vitol.

Vitol si jina linaloandikwa kwenye mabango barabarani. Ni kampuni ya kununua na kuuza mafuta iliyoanzishwa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1966. Leo inahamisha zaidi ya mapipa milioni 7 kwa siku na inamilikiwa na wafanyakazi wake wenyewe. Ndiyo pia iliyopewa mkataba wa miaka mitano wa kuliuzia mafuta Shirika la Mafuta la Taifa la Uganda, UNOC, kupitia tawi lake la Bahrain. Kwa hiyo anayejaza tenki Kampala, Mbale au Mbarara ni mteja wa Vitol, ajue asijue.

Kuanzia 1995 hadi 2018 kampuni hii iliongozwa na Mwingereza Ian Taylor, mhitimu wa Oxford aliyeanza kazi Shell kabla ya kujiunga na Vitol mwaka 1985. Taylor alikuwa mchangiaji mkubwa wa chama cha Conservative. Kufikia mwaka 2016 alikuwa amekipa chama hicho zaidi ya pauni milioni 1.5. Mwaka 2013 alitoa pauni 500,000 kwa kampeni ya Better Together, iliyokuwa ikipinga Scotland kujitenga na Uingereza.

Hayo yote hayakuvujishwa na mtu yeyote. Yaliandikwa na chama na kampeni zenyewe, kwa sababu sheria inawalazimisha. Tangu sheria ya mwaka 2000, kila chama cha siasa Uingereza hupeleka Tume ya Uchaguzi, kila robo mwaka, orodha ya waliokichangia zaidi ya kiwango fulani. Kwa miaka mingi kiwango hicho kilikuwa pauni 7,500, na mwaka 2024 kikapandishwa hadi 11,180. Mchangiaji sharti awe kwenye daftari la wapiga kura la nchi hiyo, au iwe kampuni iliyosajiliwa na kufanya kazi huko. Orodha huwekwa kwenye intaneti. Mtu aliyekaa Namanga akisubiri mzigo utoke forodhani anaweza kuandika jina la bosi yeyote kwenye simu yake na kuona alitoa kiasi gani, lini, kwa nani.

Mambo yalichemka Machi 2012. Gazeti la Sunday Times lilimrekodi kwa siri mweka hazina mwenza wa Conservative, Peter Cruddas, akieleza kwamba anayetoa pauni 250,000 angeweza kufikishwa hadi kwa Waziri Mkuu. Cruddas alijiuzulu. David Cameron, baada ya ofisi yake kusita, akatoa majina ya wachangiaji waliokula naye chakula cha jioni kwenye makazi yake ya Downing Street. Ian Taylor alikuwemo.

Waandishi wa London hapo wakafanya jambo ambalo daftari huwezesha: waliweka karatasi mbili meza moja. Ya kwanza ilikuwa orodha ya michango. Ya pili ilikuwa habari za Libya. Mwaka 2011, vita vya kumwondoa Muammar Gaddafi vilipopamba moto, Taylor aliruka mwenyewe hadi Benghazi kupatana na waasi, na Vitol ikawapelekea mafuta yanayokadiriwa kufikia dola bilioni moja, mengi yake kwa mkopo. Wakati huohuo serikalini London kulikuwa na kikosi kidogo cha kuhakikisha mafuta hayamfikii Gaddafi. Aliyekisukuma wazo lake alikuwa waziri Alan Duncan, mtu aliyetoka kwenye biashara hiyohiyo ya mafuta na rafiki wa miaka mingi wa Taylor.

Serikali ilikanusha upendeleo wowote. Michango yenyewe ilikuwa halali, na hakuna mahakama iliyosema vinginevyo. Mimi pia siwezi kusema kwamba pauni za Taylor zilinunua chochote Libya, sembuse Uganda, ambako mkataba ulikuja baada ya yeye kufariki Juni 2020. Lakini Mwingereza wa kawaida aliweza kuuliza swali akiwa na namba mkononi, na waliotawala wakalazimika kumjibu. Scotland nako, kampeni ya kujitenga ilikumbusha kwamba mwaka 2007 Vitol ilikiri kosa katika mahakama ya Marekani kuhusu malipo ya siri yaliyopewa serikali ya Saddam Hussein ili ipate mafuta ya Iraq. Mwaka 2016 jina la Taylor lilipovuja kuwa miongoni mwa waliopendekezwa kupewa heshima na Cameron anayeondoka madarakani, kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba yeye mwenyewe aliomba aondolewe.

Hapa kwetu mtu wa namna hiyo angekuwa amekaa meza kuu kwenye harambee, na sisi tungempigia makofi.

Wamarekani walijifunza kwa aibu

Uwazi huu haukutokana na wema wa wanasiasa. Marekani ulitokana na fedheha, na mafuta yalikuwa katikati yake.

Baada ya kashfa ya Watergate iligundulika kwamba kampuni kadhaa kubwa, zikiwemo Gulf Oil, Ashland Oil na Phillips Petroleum, zilikuwa zimeichangia kampeni ya Richard Nixon ya mwaka 1972 kinyume cha sheria. Kampuni zilikwishapigwa marufuku kuwachangia wagombea wa ngazi ya taifa tangu mwaka 1907. Gulf ilikuwa na mtindo wake: fedha zilipitishwa kwenye kampuni tanzu huko Bahamas, zikarudi zikiwa taslimu, zikagawiwa wanasiasa. Mwenyekiti wake, Bob Dorsey, alikiri mbele ya Seneti mwaka 1975 kwamba walikuwa wamekilipa pia chama tawala cha Korea Kusini dola milioni 4. Januari 1976 akapoteza kazi.

Mwaka 1974 Wamarekani waliunda tume ya kusimamia fedha za uchaguzi, FEC. Mwaka 1977 wakatunga sheria inayowakataza wenye kampuni kuwahonga viongozi wa nchi za nje. Ni chini ya sheria hiyo ambapo Desemba 2020 tawi la Vitol la Marekani lilikubali kulipa, pamoja na adhabu nyingine zilizoambatana nayo, zaidi ya dola milioni 160 kwa sababu ya rushwa huko Brazil, Ecuador na Mexico. Kwa hiyo bahasha za Gulf za miaka ya 1970 ndizo zilizoiumiza Vitol karibu nusu karne baadaye.

Lakini Marekani si mahali pa kuigwa kwa kila kitu. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Januari 2010 ulifungua mlango wa fedha zisizo na kikomo, mradi zipitie kwenye kamati zinazojiita huru. Tangu hapo mabosi wa mafuta hawahitaji bahasha. Katika kampeni za 2024, Tim Dunn, aliyetajirika kwa visima vya Texas, aliipa kamati inayomuunga mkono Donald Trump dola milioni 5. Aprili 11 mwaka huo Trump aliwaalika mabosi wa mafuta zaidi ya ishirini nyumbani kwake Mar-a-Lago, Florida. Kwa mujibu wa gazeti la Washington Post, aliwaambia wamchangishie dola bilioni moja, na kwamba wangepata faida kubwa kuliko hiyo kwa kodi na masharti atakayowaondolea. Waliokuwepo ndio waliolisimulia gazeti.

Akashinda. Siku ya kuapishwa, Januari 20, 2025, alitangaza hali ya dharura ya nishati na kuamuru vibali vipya vya kuuza nje gesi asilia, vilivyokuwa vimesimamishwa na mtangulizi wake, virudi kushughulikiwa. Waziri wake wa nishati, Chris Wright, alitoka kwenye kiti cha mkuu wa kampuni ya huduma za visima. Sheria ya bajeti ya Julai 2025 ilipunguza mrabaha wa mafuta kwenye ardhi ya serikali kutoka asilimia 16.67 hadi 12.5. Mkono mtupu haulambwi, na hapo wengi walilamba.

Hata hivyo, mchango si hati ya umiliki. Aprili 2025 Trump huyohuyo alipotangaza ushuru mpya kwa karibu dunia nzima, na nchi za OPEC na washirika wao zikaamua kuongeza uzalishaji, bei ya mafuta ya Marekani ilianguka chini ya dola 60 kwa pipa. Wachimbaji waliomchangia walilia. Sisi wanunuzi tulipumua kidogo.

Texas ndiko ninakopaona pa kutufaa zaidi kwa mfano. Februari 2021 dhoruba ya baridi ilikata umeme jimboni humo, watu 246 wakafariki kwa hesabu rasmi, na bei ya gesi ikapaa. Kampuni ya mabomba ya Energy Transfer ilieleza wanahisa wake kwamba dhoruba hiyo iliipatia takriban dola bilioni 2.4. Juni mwaka huohuo bunge la jimbo lilikuwa limemaliza kikao chake na sheria ambayo wakosoaji walisema inawaachia wenye gesi mwanya. Wiki chache baadaye bosi wa kampuni hiyo, Kelcy Warren, akampa Gavana Greg Abbott dola milioni 1. Texas haina kikomo cha mchango kwa gavana. Ina daftari tu.

Mpinzani wa Abbott, Beto O'Rourke, alilisoma daftari hilo jukwaani, na kwa maneno makali. Warren alikana kwamba mchango wake ulikuwa na uhusiano wowote na sheria ile, akamshtaki kwa kumchafulia jina. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikaitupa kesi. Abbott alishinda uchaguzi hata hivyo, lakini aliyepiga kura alipiga akijua.

Senti tatu za Malaba

Turudi kwa dereva wetu na risiti zake.

Machi 2023 Kenya iliacha mfumo wa zabuni ya wazi, ambao kila mwezi kampuni zilishindana kuleta mafuta, ikaingia makubaliano ya serikali kwa serikali. Saudi Aramco ya Saudia, pamoja na ADNOC na ENOC za Falme za Kiarabu, zikawa wauzaji, kwa mkopo wa siku 180. Kampuni za ndani za kupokea mzigo ziliteuliwa. Nairobi ilisema lengo ni kuipunguzia shilingi mzigo wa kutafuta dola kila mwezi, na hoja hiyo si ya kupuuzwa kwa anayekumbuka dola ilivyoadimika mwaka ule.

Novemba 2023 Rais Yoweri Museveni akalalamika hadharani kwamba Uganda, inayopitisha karibu asilimia 90 ya mafuta yake Kenya, inauziwa na madalali. Alitoa hesabu ya kile kinachoongezwa juu ya bei ya soko la dunia kulipia meli, bima na faida ya muuzaji: kwa tani ya dizeli, dola 118 badala ya 83. Bunge la Uganda likapitisha sheria ya kuipa UNOC haki ya pekee ya kuagiza. Kenya ikachelewesha leseni. Desemba Uganda ikaishtaki Kenya katika Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha. Baadaye walipatana, na katikati ya 2024 mafuta ya UNOC, yaliyotoka Vitol, yakaanza kupita kwenye bomba lilelile la Kenya.

Tufanye hesabu ya karatasi. Tofauti ya dola 35 kwa tani ni kama senti 3 za dola kwa lita. Lori likijaza lita 500 ni dola 15, kiasi ambacho mwenye mzigo anaweza asikione kwenye nauli. Lakini Uganda inatumia karibu lita bilioni 2.5 kwa mwaka. Senti hizo tatu, zikijumlishwa, zinakaribia dola milioni 75. Hizo ni fedha za kutosha kuendesha kampeni kubwa katika nchi yoyote ya Jumuiya, na zikabaki za mabango.

Sisemi kwamba kuna aliyezichukua kwa ajili hiyo, Nairobi wala Kampala. Sina karatasi ya kunionyesha hivyo. Wala sina ya kunionyesha kinyume chake, na hilo ndilo linalonisumbua.

Sheria tunazo

Ajabu ni kwamba sheria hazikosekani. Kenya ilitunga sheria ya fedha za kampeni mwaka 2013. Agosti 2021 tume ya uchaguzi, IEBC, ilitangaza kikomo: mgombea urais asitumie zaidi ya takriban shilingi bilioni 4.4. Wabunge walizikataa kanuni hizo, na uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila kikomo. Tanzania ina Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, inayomtaka mgombea aeleze fedha zake zimetoka wapi, chini ya usimamizi wa Msajili wa Vyama vya Siasa. Uganda, sheria ya vyama ya 2005 inavitaka vyama vipeleke hesabu zao Tume ya Uchaguzi.

Kwenye forodha tuna sheria moja ya Jumuiya tangu 2004. Ukibeba mahindi ya mtaji wa dola 500, cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinajulikana Busia, Mutukula na Rusumo. Kwa wachangiaji wa vyama hakuna kanuni ya pamoja. Kampuni moja inaweza kuwa na bohari nchi nne, ikahudhuria karamu za vyama vinne, na hakuna mahali ambapo majina hayo manne yanakutana kwenye ukurasa mmoja.

Wakati huohuo mfanyabiashara mdogo hufuatwa. Kampeni zikianza, mwenye stoo ya vitunguu huletewa kadi ya mchango na mtu anayemfahamu vizuri, na kiasi alichotoa hujulikana soko zima kabla ya jua kuzama. Daftari la wadogo tunalo siku zote, na linasomwa.

Mpango wa Kenya na nchi za Ghuba umeongezwa hadi mwaka 2028. Mkataba wa UNOC na Vitol nao unafika karibu na hapo. Katikati yake, Agosti 2027, Kenya ina uchaguzi mkuu, na kila anayeutaka urais atakutwa na wenye mafuta mlangoni, au atakuwa yeye mlangoni kwao.

Nilipokuwa naandaa makala haya nilikwenda kwenye ofisi moja ya umma, katika nchi mojawapo ya Jumuiya, kuomba kuona taarifa za wachangiaji wa wagombea urais waliopita. Karani alinipokea vizuri, akanipa kiti. Akauliza natoka kampuni gani. Nikamwambia gazeti. Akauliza tena, kampuni gani ya mafuta. Nikamweleza kwamba siwakilishi kampuni, nataka kusoma tu kama raia. Akaenda chumba cha ndani, akakaa kama dakika ishirini, akarudi na kuniambia niandike barua.

Niliandika palepale kwenye benchi. Ikapigwa mhuri wa kupokelewa, nikapewa nakala. Ninayo kwenye begi, pamoja na picha ya zile risiti mbili za dizeli.